Komeo Lilikuwa kwa Nje

Filo mwanangu,

Mama yako ameshakufungia mizigo na kukuusia. Nimemsikia tangu asubuhi: ukifika Dar usimpe mtu begi akubebee, usinywe maji ya njiani, ukipata chumba tazama kwanza paa. Yote hayo ni kweli na mimi sina la kuongeza. Sasa umekwenda Shangani kuwaaga wenzako, mama yako yuko jikoni anakukaangia samaki wa safari, nami nimekaa kibarazani na daftari ninaloandikia vipimo vya kazi. Nimechana kurasa za katikati. Mkono wangu umezoea mwiko na saruji, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Nitamwambia mama yako aitie barua hii kwenye mfuko wa chakula, uisome ukiwa ndani ya basi. Nikikupa mkononi utanitazama, na ukinitazama huwa nasema jambo lingine.

Miaka mitatu sasa hatujazungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Watu wanadhani wewe ndiye uliyekasirika. Mama yako naye alidhani hivyo mpaka wiki iliyopita. Nataka kukuandikia mambo ambayo nusu yake unayajua. Nusu hiyo uliijua bila kuambiwa na mtu, ukakaa nayo peke yako, na mimi nikakuacha ukae nayo.

Naanza na ile kompyuta, maana bila hiyo ningekufa na siri yangu.

Unakumbuka nilivyoileta. Mteja wa Shangani niliyemjengea ukuta wa uwani alikuwa anahama, akaniachia. Kioo chake kilikuwa na mgongo kama kobe. Nilidhani utajifunzia kuchapa barua za ofisini. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unashinda dukani kwa Bwana Seif pale Chikongola, unawachapia watu karatasi na kuwawashia vijana magemu. Haikupita wiki nikakuta mashine yangu ina watu wanaopigana risasi vichochoroni.

“Hiki ndicho ulichosomea?” nilikuuliza.

“Baba, mimi sichezi sana,” ulisema. “Mimi natazama nyumba.”

Sikukuelewa mpaka uliponiketisha. Ulikuja na flashi iliyojaa ramani zilizotengenezwa na watu wa nchi za mbali, kila mmoja amejenga mahali pake pa kupigania, kisha akapatoa bure kwa yeyote anayetaka. Nilishangaa. Sijawahi kuona fundi anayejenga nyumba akaiacha barabarani ichukuliwe. Ukanifundisha kuziweka. Faili linakuja limefungwa kama kifurushi, unalifungua, unatoa folda iliyomo, unaitia ndani ya folda ya ramani za gemu. Mimi niliitia pembeni. Gemu likawaka vizuri lakini ramani haikuonekana kwenye orodha. “Umejenga nje ya kiwanja, Baba,” ulisema, ukacheka mpaka mama yako akaja kutazama. Mara ya pili ikafunguka, ila kuta zote zilikuwa na miraba ya zambarau na nyeusi. Ukanieleza kwamba picha za udongo na matofali hazikuja pamoja na ramani, aliyeitengeneza alisahau kuzifunga humo.

Kuanzia hapo nikawa mkosoaji. Ukifungua ramani ya mtu, mimi nasema ngazi zake ni za kuvunja mtu mguu, ukuta wake umesimama juu ya hewa. Ukanijibu kwamba humo ndani ukuta hauhitaji msingi. Nikasema basi aliyejenga ni mvivu. Nilikuwa nafurahi, Filo. Nilikuwa narudi kutoka kazini nanawa mikono haraka.

Ulipoanza kujenga zako ndipo nilipoona kwamba unafanya kazi yangu. Kioo kimegawanyika sehemu nne: nyumba inavyoonekana kutoka juu, kutoka mbele, kutoka ubavuni, na ya nne ndiyo nyumba yenyewe. Kwetu ramani ya mjenzi ni hiyo hiyo. Siku moja levo yako, ndivyo ulivyoita kila ramani uliyoijenga, ilikataa kukamilika na ukaniambia, “Inavuja.” Nikauliza inavujaje na hakuna mvua. Ukasema pakiwa na upenyo mdogo tu kati ya ndani na lile giza la nje, mashine inakataa. Ikachora mstari mwekundu kutoka sebuleni, ukapita dirishani, ukatoka kwenye kona ya paa. Upenyo ulikuwa pale, mwembamba kuliko unywele. Nikasema ningekuwa na kitu kama hicho kazini ningekuwa fundi mkuu wa Mtwara nzima.

Kisha ukaniomba nyumba yetu ya ng’ambo.

Bibi yako alikulea kwa hadithi ya nyumba ile na ya Lusia, mdogo wangu. Ulijua kwamba vita ilitukuta upande wa pili wa mto Ruvuma mimi nikiwa na miaka kumi na moja na Lusia sita. Ulijua kwamba siku walipokuja watu wenye bunduki, bibi yako na shangazi yako Roza walikuwa shamba, mimi nimeachiwa mtoto. Nilijificha chini ya ghala nyuma ya nyumba, Lusia akatoka kwa mlango wa mbele, akakimbilia kwenye mihogo, nikamwona kwa macho yangu akipotelea humo, na tangu siku hiyo hakupatikana. Hadithi ilikuwa hiyo. Niliisema mimi, wengine wote wakaipokea kwangu.

Na unajua bibi yako aliifanyia nini. Kila mwaka korosho zikishaokotwa alifunga kanga mbili, akaenda Mahurunga kwa shangazi yako Roza, akakaa mwezi mzima. Alikuwa anamwulizia Lusia. Kila aliyevuka mto kuja upande huu, mwuza samaki wakavu, mwanamke aliyeleta mahindi, alimwuliza kama amewahi kukutana na Lusia, mwenye kovu juu ya nyusi. Mwanzoni aliulizia msichana. Baadaye akaulizia mwanamke. Miaka ya mwisho alikuwa anaulizia bibi mwenye wajukuu.

Wewe ulitaka kumjengea. Kulikuwa na watu wa Dar wanaofundisha kutengeneza magemu, wanachukua vijana wachache, kila mwombaji apeleke kitu alichojenga mwenyewe. Ukaniambia, “Nataka levo ambayo mchezaji hana bunduki.”

“Bila bunduki atafanya nini kwenye gemu la bunduki?”

“Wenye bunduki ni wale wanaomfuata. Yeye anamtafuta mdogo wake kwenye mihogo, wafike mtoni wote wawili.”

Ningekataa siku ile. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa, na kinywa kilikuwa changu. Lakini uliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi: ukuta ulikuwa na unene gani, fito zilipishanaje, ghala lilinyanyuliwa kiasi gani kutoka ardhini. Nikaona raha. Nikafumba macho, nikatembea mle ndani kwa hatua za mtoto, nikazigeuza kuwa futi, nikakusomea moja baada ya nyingine. Mlango wa nyuma. Jiko. Chumba kidogo kinachotokea jikoni. Kutoka ghalani hadi mlango wa nyuma, kutoka mlango wa nyuma hadi mlango wa kile chumba. Sijawahi kudanganya kipimo maishani mwangu, na vile nilivyokupa vilikuwa vya kweli vyote.

Kitu kimoja tu nilikudanganya. Uliuliza mlango wa chumba kidogo ulifungwaje. Nikasema kwa komeo. Ukauliza komeo lilikuwa ndani au nje. Nikasema ndani.

Miezi minane uliijenga. Ikaja ile Jumamosi mchana uliponiita.

“Baba, kuna kosa. Nimemweka mchezaji chini ya ghala, mlango wa mbele hauonekani. Nyumba yote iko katikati. Na mihogo iko upande ule.”

Nikatazama. Ilikuwa kweli.

“Nisogeze ghala kushoto?”

“Ghala lilikuwa hapo hapo.”

“Basi nyumba haikuwa ndefu hivi.”

“Ilikuwa ndefu hivyo.”

“Sasa shangazi Lusia ulimwonaje akitoka?”

Nikakwambia nimechoka, kesho nina kazi ya zege. Hukuwa na nia mbaya, ulidhani umekosea wewe. Ukaamua kumwuliza bibi yako.

Niliporudi Jumatatu jioni niliwakuta. Sikuingia, nilisimama mlangoni na ndoo yangu ya vifaa. Bibi yako alikuwa kwenye stuli, uso karibu uguse kioo, na wewe ukimtembeza.

“Hili ndilo janela,” alisema, maana mpaka mwisho wa maisha yake dirisha aliliita kwa neno la kule. “Nipeleke jikoni. Mafiga yalikuwa pale. Enhee! Pale pale!” Akacheka. Tangu utoto wangu nilikuwa sijamsikia akicheka kicheko kile.

“Bibi, ghala liko sawa?”

“Liko sawa.”

“Na nyumba?”

“Sawa kabisa. Huyu baba yako ana kichwa.”

Ukafika kwenye mlango wa chumba kidogo.

“Hapa mmekosea,” alisema. “Komeo hili mmeliweka ndani. Lilikuwa kwa nje. Chumba hicho babu yako alikijengea mbuzi, watoto walikuja kulala humo baadaye.”

“Baba alisema lilikuwa ndani.”

“Kwa nje, mjukuu wangu. Mtoto akifungiwa humo hawezi…”

Hakumaliza. Nilikuwa nauona mkono wako tu, umesimama juu ya mausi ya kompyuta. Bibi yako aliendelea kuutazama ule mlango. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

“Kutoka ghalani mpaka hapa ni mbali?”

“Hatua tisa, Bibi.”

“Zima.”

Alipogeuka alinikuta mlangoni. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi na nilidhani mama yangu atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, “Umerudi? Chakula chako kipo.”

Basi. Hakuniuliza, siku ile wala baadaye. Ila msimu wa korosho ulipokwisha, kanga zake zilibaki kwenye kamba. Roza alituma watu kuuliza mbona mama haji. Akawajibu miguu inamwuma.

Lakini kesho yake ya ile Jumatatu, ulipokwenda dukani, niliifuta kazi yako. Sikuhitaji msaada wa mtu, wewe ndiye uliyenifundisha inakaa folda gani. Nilifuta ya kwenye gemu, nikafuta na ile ya kwenye programu ya kujengea. Flashi nilikwenda nayo kazini, nikaitumbukiza kwenye zege la msingi tulilokuwa tunamwaga siku ile. Imo humo mpaka leo, watu wanalala juu yake.

“Levo yangu iko wapi?” uliniuliza.

“Nimeifuta. Sitaki vita ndani ya nyumba yangu.”

Zilikuwa zimebaki siku mbili uipeleke. Nilisubiri ulie au upige kelele, nikajiandaa na maneno. Ulinitazama tu, ukasema, “Sawa, Baba.” Neno hilo nililichukia. Nililiona ni la mtu anayeniona mpaka ndani.

Bibi yako alifariki kabla ya korosho zilizofuata kukomaa. Hujasahau yaliyotokea matangani, lakini nitayaandika, kwa sababu hayajawahi kusemwa na mimi. Roza aliuliza mbele ya watu, mama alipatwa na nini mpaka akaacha kuja kwake. Watu wakanigeukia mimi, mtoto wa kiume. Nikasema, “Ni magemu ya Filo. Alimwonyesha mama vita kwenye kompyuta. Tangu siku ile hakuwa mtu tena.”

Ulikuwa unapita na ndoo ya maji ya wapishi. Ukaitua. Watu wote wakanyamaza wakusikie. Neno moja lingetosha. Ungesema tu “komeo,” nami ningeanguka pale pale. Ukasema, “Ni kweli, nilimwonyesha,” ukainua ndoo yako ukaenda.

Roza akakukataza usiingie chumbani alimolazwa bibi yako. Binti aliyelelewa na marehemu, amelala mgongoni kwake, ukaambiwa ukae nje na watoto wa majirani. Mimi nilikuwepo. Nilikuona umekaa kwenye tofali, umekumbatia magoti.

Nitakuandikia nilichohisi, maana nikiruka hapa barua haina kazi. Nilihisi nafuu. Jambo lililokuwa linanielemea tangu utoto lilikuwa limepata mtu mwingine wa kulibeba, na mtu huyo alikuwa na nguvu na hakulalamika. Usiku ule nililala. Baadaye ndipo nilipoanza kukuchukia kwa kunyamaza kwako. Ukipita uani nasema kimoyomoyo, aseme basi. Hukusema, nami nikakuza ubaya wangu kivulini mwako. Mashangazi na wajomba waliacha kukuita kwenye shughuli. Nilijua sababu. Nilikula pilau yao.

Mwezi uliopita Bwana Seif aliniita nimpigie lipu ukuta wa nyuma wa duka. Saa ya chakula tuliketi ndani, akaniambia kwa kunisifia mtoto, “Ile levo ya Filo ya nyumba ya udongo bado ninayo. Alisema isifunguliwe kwa mtu yeyote, na mimi sijaifungua.”

Nikamwuliza ilifikaje pale. Akashangaa. Akasema ulikuwa unaacha nakala kwenye mashine yake kila wiki.

Kwa hiyo ulikuwa nayo. Siku ile uliposema “Sawa, Baba,” ulikuwa nayo, na siku mbili zilikuwa zinakutosha kabisa. Miaka mitatu niliamini kwamba mimi ndiye niliyekunyima ile nafasi ya Dar. Kumbe uliiacha mwenyewe, ili nyumba ile isitazamwe na watu watakaouliza maswali. Sijui kama nikushukuru. Naona uchungu tu. Nafasi ya kwanza imekupita kwa ajili ya mtu ambaye hakustahili, na hii unayoiendea kesho umeipata kwa kujenga maghala matupu na stesheni za treni ambazo hujawahi kuziona.

Nilimwomba Bwana Seif aniwashie, anipishe. Alidhani nataka kuona kazi ya binti yangu.

Ulikuwa umeongeza mambo. Udongo umepasuka palipostahili kupasuka. Nikaanza chini ya ghala. Nikasikia bunduki kwa upande wa mbele, mbali kidogo, na sauti za watu. Nikatoka. Vidole vyangu ni vizito kwenye vile vitufe, nikagonga nguzo, nikarudi, nikaingia mlango wa nyuma, nikafika kwenye chumba kidogo. Komeo lilikuwa kwa nje. Ulilisahihisha, Filo, baada ya bibi kusema. Na ulilifanya lifunguke. Nikabonyeza, likafunguka, hata sekunde haikupita. Chumbani hukumweka mtu. Palikuwa na mkeka tu na kidirisha kisichopitisha mtoto.

Nikakaa pale mpaka Bwana Seif akaja kuniuliza kama mashine imegoma.

Sasa kilichotokea siku ile ni hiki. Lusia alikuwa amevunja gari langu nililotengeneza kwa mabua. Nilimsukumia chumbani, nikapiga komeo, nikamwambia atatoka mama akirudi. Nikaenda nyuma chini ya ghala kulitengeneza gari. Watu wale waliingia kwa mbele, nikasikia majirani wanalia, nikasikia paa la nyumba ya kwanza linashika moto. Sikuwa mbali. Zilikuwa hatua tisa, unazijua. Hakukuwa na mtu kati yangu na ule mlango wakati ule. Baadaye ndiyo walikuja, lakini wakati ule hakukuwa na mtu. Niliinuka. Nikapiga hatua mbili kwenda mlangoni. Kisha nikageuka nikakimbilia kwenye matete.

Nilipotazama nyuma nyumba yetu ilikuwa inaungua.

Nilimkuta mama na Roza kwenye njia ya mtoni. Mama akanishika mabega. “Lusia yuko wapi?” Nikasema ametoka kwa mbele, amekimbilia mihogoni, nimemwona. Nilisema hivyo nisipigwe. Nilikuwa na miaka kumi na moja na kitu nilichokiogopa zaidi dakika ile, mbele ya vita nzima, kilikuwa kofi la mama yangu. Akataka kurudi, watu wakamshika, wakamtia kwenye mtumbwi kwa nguvu. Na kwa sababu nilisema mihogoni, akaishi maisha yake yote akimsubiri mtoto aliyekimbia.

Mtoto ningeweza kumsamehe, yule wa miaka kumi na moja. Nimejaribu, na siku nyingine naweza. Lakini nilifika miaka ishirini, nikafika thelathini, nikaoa, nikakuzaa wewe, na kila mwaka nilimsindikiza mama yangu stendi akaulizie maiti kwa wapita njia, nikamnunulia na biskuti za njiani. Huyo si mtoto.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mahurunga. Nilimkuta Roza anamenya mihogo, nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, “Mimi ndiye niliyekuwa namtandikia kitanda. Kila mwaka. Ananiambia, Roza, mwaka huu nitampata.” Akatupa kisu kwenye beseni. “Na yule mtoto nilimkalisha nje kwenye tofali.”

Nikasema, “Dada—”

“Usiniite hivyo. Nenda. Usije mpaka nikuite. Na Filo aje kabla hajaondoka.”

Kwa hiyo ile safari yako ya Jumatano, ambapo uliona ajabu shangazi yako kukupigia magoti mlangoni, sababu ni hiyo. Nilimwomba asikueleze, nikueleze mimi. Mpaka leo hajaniita, na sidhani ataniita. Mama yako nilimwambia nilipotoka huko. Ameniwekea chakula kila siku tangu hapo, lakini hajakaa nami kula.

Ninajua kwamba baba akimwandikia mwanawe anayeondoka humwachia la kushika. Nimetafuta nimekosa, isipokuwa hili la kazi yako. Huko uendako watakuwepo watu watakaokutaka usogeze ghala ili hadithi yao ikae. Watakuomba kwa upole, na wengine utakuwa unawapenda. Liache ghala mahali pake. Na mtu akikosa mbele yako, usimbebee. Ulinihurumia, mwanangu, na huruma yako niliila kama nilivyokula ile pilau.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kukaa bila kupiga simu, kaa. Ile levo ni yako, Bwana Seif atakupa ukiitaka, wapelekee watu wakuulize, na jina langu usilifiche. Niite kwa jina langu kamili, Benedito, mwana wa mama yule aliyemsubiri Lusia.

Limebaki jambo moja ambalo Roza sikumwambia, na mama yako sikumwambia, na bibi yako Mungu alimstahi asilisikie. Hulijui wewe pia, kwa sababu halimo kwenye vipimo. Nilipopiga zile hatua mbili kutoka ghalani, Lusia alinisikia. Alikuwa bado hajajua kama kuna vita. Alidhani makelele yale ni yangu, namtisha, adhabu inaendelea. Akagonga mlango kwa kiganja, polepole, akasema kwa sauti ya kubembeleza, “Kaka, nifungulie. Sirudii tena.”

Safiri, Filo.

Baba yako